Ukoko wa Zimwi

Jamani, huku tukila visheti, mnisamehe, hadithi hii nitaiharibu. Anayeijua vizuri amekataa kuja aliposikia nipo.

Palikuwa na njaa, na palikuwa na chungu kilichojipikia wali bila moto, mara moja kwa mwaka. Wali huo ndio uliowavusha watu hadi mavuno. Mwanasiti, mwenye watoto wadogo, hakumwamini mtu kushika mwiko.

"Apakue nani? Shemeji Fumo? Atawajazia ndugu zake!"

"Na wewe utawajazia wanao," Fumo akamjibu.

Mwiko likapewa Zimwi geni kutoka ng'ambo, maana halikuwa na ndugu pale. Mila yao ilisema mpakuaji hula mwisho, tena ukoko tu. Zimwi likainama kwa adabu. "Ukoko unanitosha, mama."

Likapakua mara ya kwanza. Mwanasiti akachungulia sahani ya Fumo, wakatukanana. Likapakua mara ya pili. Fumo akachungulia ya Mwanasiti, wakakabana. Mara ya tatu kijiji kizima kilikuwa kinahesabiana punje, na mwiko ukipita juu juu.

"Wali umekwisha," Zimwi likasema. "Uliobaki ni ukoko."

Mwanasiti akachungulia chunguni. Ukoko ulifika shingoni!

"Huo ni wali!"

"Mama, uliniona nikipakua?"

Hakuwa ameona. Zimwi likabeba chungu kwa wenzake ng'ambo, na tangu hapo kuna nchi inamwaga chakula na nchi inalamba sahani. Mwanasiti akawarudia wanawe na konzi moja ya wali, bado akimlaani Fumo.

Naona nanyi mmeanza kutazamana, kila mtu akimshuku jirani yake kuwa ndiye aliyemaliza visheti. Acheni ugomvi. Sinia liko mapajani mwangu tangu hadithi ilipoanza.