Jino Lililokwenda Mahakamani

"Usimng'oe shahidi kabla ya shauri."

Bi Mwanakombo aliwaambia hivyo wajukuu zake waliokuwa mbioni kuziba ukuta mpya uliopasuka, kabla fundi aliyeujenga hajaja kuuona. Vijana wakacheka: tangu lini shahidi akang'olewa?

"Chekeni tu," akasema. "Methali hii ina mwenyewe, na asili yake ni hii."

Hapo Pangani palikuwa na mpiga zumari, Kibwana Shehe. Harusi aliyokosa kuipigia, watu waliiita hitima. Mwaka huo alikuwa akimwoza binti yake wa pekee, Riziki, naye alikwisha kuapa kwamba zumari ya siku hiyo ataipiga mwenyewe. Hakuwa na haja nyingine duniani.

Basi jino likamwanza, la mbele, la juu. Akaenda kwa Daktari Zuberi, mwenye kliniki ya meno pale sokoni. Daktari huyo alipenda ngoma kupita kiasi. Anachoma sindano ya ganzi huku anaulizia nyimbo za harusi. Anashika koleo huku anaimba. Akang'oa, akanawa mikono, akashukuriwa.

Ganzi ilipoisha, Kibwana alijitazama kiooni. Jino bovu lipo. Jirani yake, aliyekuwa mzima wa afya, hayupo. Akaishika zumari akapuliza. Ikatoka pumzi tupu, fyuu! Akalia, mtu mzima na ndevu zake.

Aliporudi kliniki, Zuberi alikuja juu. "Nimeng'oa bovu, Mzee Kibwana. Hilo limeanza kuoza baadaye. Lakini kwa kuwa tunajuana, kaa hapo nikuondolee bure."

Kibwana nusura akae, maana maumivu yalikuwa yamefika sikioni. Kisha akafumba mdomo, akaenda moja kwa moja mahakama ya mwanzo kufungua madai.

Siku za kungoja shauri, shavu lilifura kama andazi. Mkewe, Mwanamvua, akamsihi.

"Baba Riziki, ling'oe jamani! Utakufa na ubishi wako."

"Nikiling'oa, mke wangu, nitasema nini mbele ya hakimu? Yeye atadai alitoa bovu, na mimi sina cha kuonyesha ila mapengo mawili."

Akawa anasukutua maji ya chumvi na kunywa uji, na kila jirani aliyepita alimwona hana akili.

Siku ya shauri mahakama ilifurika. Wengi walikuwa waalikwa wa harusi, roho juu. Hakimu alikuwa mwanamke asiyependa maneno mengi.

"Mdai, shahidi wako yuko wapi?"

"Yumo humu, mheshimiwa," akasema Kibwana, akaachama.

Hakimu alikuwa amemwita tabibu wa meno wa hospitali ya wilaya. Tabibu akachungulia kwa tochi, akatikisa kichwa. "Hili halikuoza juzi wala jana. Hii ni kazi ya miaka."

"Daktari Zuberi," hakimu akamgeukia, "kama bovu ulilitoa, hili ni la nani?"

Watu wakaangua kicheko. Zuberi akainama. Kisha, tumpe haki yake, akasema wazi: "Kosa ni langu, mheshimiwa. Nilikuwa naimba."

Hakimu akaamuru agharamie matibabu yote, na mapengo yote mawili yawe yamewekwa meno ya bandia kabla ya harusi.

"Na shahidi wangu, mheshimiwa?" Kibwana akauliza, ameshika shavu.

"Ameshasema. Sasa mng'oe!"

Siku ya harusi zumari ililia mpaka wazee wa mkongojo wakainuka. Riziki alicheka na kulia kwa pamoja. Zuberi naye alialikwa, na hakuna aliyecheza kumshinda. Kila aliyemuuliza Mwanamvua mumewe alishindaje kesi na daktari mzima, alipigiwa kigelegele kwanza, kisha akajibiwa:

"Usimng'oe shahidi kabla ya shauri."