Diski ya Bi Sikudhani

Hapo zamani, na msinikodolee macho, zamani yenyewe haijafika hata mwaka, palikuwa na mafundi watatu wa kompyuta mjini Tanga: Ngwali, Shaibu na Mwanakheri. Vyeti vyao, kuvibeba tu unahema. Mimi niliishia darasa la sita, na leo nawasimulia mimi!

Ndani ya kompyuta yao moja kubwa walifuga kompyuta pepe ishirini, zisizoshikika kwa mkono. Kila moja waliiwekea Linux, programu ya kuiendesha, bila mtu kukaa kuibembeleza: waliandika faili la majibu, mashine ikiuliza, faili linajibu.

Akaja Bi Sikudhani na diski, akamkabidhi Ngwali mlangoni. Ndani yake marehemu mama yake anaimba, na sauti ile haipo kwingine duniani.

"Nitoleeni nakala, wanangu. Kesho arobaini yake, dada zangu wanatoka Pemba kuja kumsikia. Nangoja hapo nje."

Ngwali akaichomeka, akaiunganisha na kompyuta pepe mojawapo, kisha akageukia kazi nyingine. Kumbe ndiyo hiyo iliyokuwa zamu yake kuwekewa Linux mpya. Kazi ikakwama. Wenzake wakaanza upya, ikakwama tena. Mashine inauliza swali ambalo faili halina jibu lake: diski hii ina vitu, nivifute?

"Takataka za majaribio ya jana hizo," Shaibu akasema. "Maswali mengi kama mjumbe wa posa!" Akaongeza kwenye faili: futa, usiulize tena.

Mwanakheri akabonyeza, akaenda kunywa chai. Aliporudi, Linux imekaa, safi, inameta. Mama wa watu hayupo.

Wakamtafuta kwa kila programu waijuayo. Wakapata mafaili matupu na mvumo. Ngwali akalia kama mtoto.

"Shaibu, umeua!"

"Mimi? Nilijuaje umechomeka diski ya mtu?"

"Niliandika kwenye grupu!"

"Chini ya picha zenu za mpira! Nani asome?"

"Mwanakheri alisoma."

"Nilisoma," Mwanakheri akasema. "Nikajua faili litaiacha. Si mnalisifu kila siku, halikosei?"

Mlango ukagongwa.

"Wanangu, tayari? Niwekeeni kidogo tu nimsikie."

Wakatazamana. Hakuna aliyeinua mguu.

Haya, wasomi wangu, mbona mmeinamisha vichwa? Mmoja alichomeka, mmoja aliandika, mmoja alijua akabonyeza. Je, nani alistahili kumfungulia mlango Bi Sikudhani?