Kurasa Zisizo na Mchuzi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado na majiko na majirani, kilima cha Mawemengi kilikuwa na jumuiya yake ya sala. Kila juma walikutana nyumba moja, leo kwako, kesho kwangu. Walisali, wakasoma Neno, kisha mwenye nyumba akapakua.

Mwenyekiti alikuwa Mzee Kiboko. Alichaguliwa kwa sababu alipokalia kiti cha mwenyekiti, hakuna aliyeweza kumwondoa.

Biblia yake ilikuwa kubwa, nayo ilijifungua yenyewe. Akiiweka mezani, puu! ilifunguka ukurasa uleule, uliojaa madoa ya mchuzi. Hapo Mzee Kiboko alisoma, "Akuombaye, mpe." Akafunga. Kisha akasema, "Ndugu zangu, mimi naomba." Chungu cha mwenye nyumba kikaisha palepale, gubu gubu gubu, wengine hawajanawa hata mikono.

Hakuna aliyebisha. Utabishana na Neno?

Mwaka huo mvua ziligoma. Kilimani hapakuwa na jani. Bondeni, kando ya mto, shamba la viazi vitamu la Mzee Kiboko lilikuwa kijani tupu, ila hakuna aliyewahi kumsikia akihubiri habari za viazi.

Zamu ikafika kwa Mama Pimbi, mjane mdogo aliyekaa na wanawe kwenye ufa wa mwamba. Alikuwa na kibuyu kimoja cha kunde, nazo zilikuwa za mbegu. Akizipika, mvua zitamkuta hana cha kupanda. Asipozipika, ataitwa mchoyo mbele ya jumuiya nzima. Mama Pimbi aliogopa, na zaidi ya kuogopa, alikasirika.

Siku ya sala akabandika chungu cha maji matupu, akakifunika vizuri.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umepika nini?"

"Chungu kiko motoni, Mzee."

Mzee Kiboko aliridhika na jibu hilo. Akaketi. Swala alikuwepo, Nungunungu alikuwepo, Kobe alikuwa njiani.

"Mzee," Mama Pimbi akasema, "kabla hujasoma, nina ombi. Sisi watu wa mawe ni wazito. Neno linaingia sikio hili, linatokea lile. Leo tufundishe kwa vitendo. Anayesoma atende kwanza, nasi tumuige."

"Mniige mimi?"

"Mpaka masika."

Mzee Kiboko akaviona vyungu vyote vya kilima vikija kwake mpaka masika. Mate yakamdondoka, to, to, to.

"Hilo ni wazo la kiroho sana," akasema. "Nakubali! Jumuiya yote ni mashahidi."

Biblia, puu! Ikajifungua palepale.

"Akuombaye, mpe!"

"Amina," jumuiya ikaitikia.

Kabla hajafunga, Mama Pimbi akasema kwa upole, "Mzee, naomba viazi."

Mzee Kiboko akainua kichwa.

"Viazi gani?"

"Vile vya bondeni."

"Na mimi naomba," akasema Swala.

"Na mimi," akasema Nungunungu.

Kobe akaingia, anahema. "Samahanini. Tumefika wapi?"

"Kwenye kuomba viazi."

"Basi naomba viazi."

Mzee Kiboko akatoka jasho. Akaanza kufunua kurasa, pa! pa! pa!, akitafuta mstari wa kumwokoa. Akaupata mmoja, akausoma kwa nguvu: "Mwenye kanzu mbili na ampe asiye na..."

Wote wakamtazama. Ndani alivaa kanzu nyeupe. Juu yake, nyeusi ya uenyekiti.

"Inanitosha," akasema Swala, akiijaribu ile nyeusi. Haikumtosha hata kidogo, ila Neno ni Neno.

Pa! pa! Mzee Kiboko akafunua tena. Safari hii akasoma kwa kunong'ona.

"Sauti, Mzee!"

"Atakaye kuwa wa kwanza... awe wa mwisho wa wote... na mtumishi wa wote."

"Amina," akasema Nungunungu. "Basi utatubebea."

"Kitabu hiki kimebadilishwa!" akaunguruma Mzee Kiboko.

"Hakijabadilishwa, Mzee wangu," akasema Mama Pimbi. "Hizo ni kurasa zisizo na mchuzi."

Mashahidi wote walikuwepo, na wote walikuwa na njaa. Wakateremka bondeni. Mzee Kiboko akachimba, akabeba, akapandisha kilima, akashuka tena. Jioni kila nyumba ilikuwa inatoa moshi. Kibuyu cha mbegu kikabaki mahali pake, na Mama Pimbi akacheka peke yake jikoni mpaka mbavu zikamuuma.

Mara mlangoni, hodi.

Alikuwa Mzee Kiboko. Amechafuka matope, ana kanzu moja. Alikuwa amewabebea wote viazi, akasahau kujiwekea hata cha kutafuna.

"Mama Pimbi," akasema, "naomba."

Mama Pimbi akaviangalia viazi vyake vikitokota. Akakumbuka vyungu vyote vilivyomezwa na mdomo ule. Alitaka kumfungia mlango, tena alitaka sana.

"Ulisema mtaniiga," Mzee Kiboko akasema. Wala hakuunguruma. "Mpaka masika."

Naam, alisema. Mtego alioutega mwenyewe ulikuwa na kitanzi cha pili, na mguu uliokuwa ndani ulikuwa wake.

Akachukua bakuli dogo. Akaliangalia. Akalirudisha, akachukua kubwa.

"Karibu, Mzee. Nawa mikono kwanza."

Wakala. Wiki iliyofuata Biblia ilifunguka ukurasa mwingine, na hadithi yangu ikafungika. Nanyi, wanangu, shikeni hili: anayelisoma Neno kwa ajili ya jirani tu, bado hajalisoma.