Mama Povu na Nguo Safi

Chovya chovya humaliza buyu la asali. Aliyeitunga methali hii bila shaka aliwahi kuishi nyumba moja na mtu wa kuchovya. Mchovyaji hajioni mlafi wala mwizi. Anatia ncha ya kidole tu, analamba, anafunika buyu na kwenda zake, na kesho anarudi kwa moyo mweupe, kwani ya jana ilikuwa tone. Siku buyu linapoinamishwa lisitoe kitu, yeye ndiye wa kwanza kushangaa. Tena si asali peke yake inayokwisha namna hiyo. Hata subira ya binadamu ina buyu lake.

Katika nyumba moja ya kupanga, iliyouzunguka ua wa saruji wenye bomba moja katikati, aliishi mjane ambaye majirani walimwita Mama Povu. Hakupewa jina hilo kwa ubaya. Alikuwa dobi wa hospitali tangu usichana wake hadi mgongo ulipomkatalia, na alipostaafu alikuja kukaa na mwanawe, seremala mpole ambaye neno "hapana" lilimkwama kooni kama mfupa. Seremala alikuwa na mke, fundi cherehani aliyeshonea barazani, na binti mdogo aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza shule. Waliishi wote katika vyumba viwili, na beseni lao kubwa la bati halikupata nafasi ya kukauka.

Kwa Mama Povu, nguo ikishapita kichwani imechafuka. Haikumjalisha kama umeivaa kutwa nzima ukiranda mbao au umeivaa kwenda dukani kununua kiberiti. Ukiivua tu na kugeuka kutafuta nyingine, ile ya kwanza ilikuwa imekwisha kuzama. Majirani walitaniana kwamba ukisimama sana karibu na bomba utafuliwa na wewe. Mama Povu alicheka nao, maana katika mzaha ule alisikia sifa.

Kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Zamani, alipokuwa na watoto wawili, ulizuka ugonjwa wa homa uliojaza wodi za hospitali. Jioni moja alirudi nyumbani amechoka hoi, akampakata kitinda mimba wake kabla ya kuvua gauni la kazi. Mtoto yule alizikwa juma lile lile. Daktari alimwambia ugonjwa umeenea mtaa mzima na ungeweza kumpata mtoto kutoka popote. Yeye aliamini anajua ulikotoka. Tangu hapo alifua kama askari anayelinda lango, na yule mtoto aliyebaki, seremala wa leo, alikua akinukia sabuni.

Mke wa mwanawe hakuyajua hayo. Siku moja walipokuwa wakianua nguo pamoja, alimwambia kwa upole, "Mama, nguo nayo huchoka. Za ndani na soksi, sawa, zifuliwe kila zikivaliwa. Fulana pia, jasho halingoji. Lakini gauni nililovaa kwenda kumjulia hali jirani, ukilitundika penye upepo linatosha. Suruali ya kutokea ya mwanao anaweza kuivaa tena na tena. Sweta ndiyo kabisa. Kila tukilifua, maji yanaondoka na nyuzi zake."

"Mwanangu, uchafu hauonekani kwa macho," Mama Povu alijibu. "Mimi nimeuona ukifanya kazi."

"Umeuonaje basi, Mama, kama hauonekani?"

Wakacheka wote wawili hadi vibanio vikamdondoka mkononi mama mkwe. Mambo yangeweza kuishia hapo, kwenye kicheko. Lakini tabia ni ngozi ya mwili.

Mke wa seremala alikuwa na desturi ya kufua alfajiri kabla hajaketi kwenye cherehani. Jua likichomoza, Mama Povu hutoka na kikombe chake cha chai, akapita kwenye kamba akizipapasa nguo moja moja, akanusa kwapa la blauzi, akatikisa kichwa. Kisha huzishusha zote, safi kama zilivyo, na kuzirudisha kwenye beseni. Hakusema neno baya hata siku moja. Alisema tu, "Hizi hazijashiba maji." Wanawake waliokuwa bombani waliangaliana, na mke wa seremala akazidi kuinamisha uso kwenye mshono wake.

"Haidhuru, Mama," alisema.

Alipomlalamikia mumewe, mume alikuna kichwa. "Mvumilie, ni mzee. Si nguo tu?"

Yakaja masika. Nguo zikawa hazikauki, lakini Mama Povu hakuacha kuifua sare ya mjukuu kila aliporudi shuleni. Asubuhi mtoto alivaa sketi yenye unyevunyevu na sweta lililomganda mgongoni, akaenda akitetemeka. Punde kikohozi kikamwingia, mama yake akawa anakesha akimsugua kifua. Alipoomba sare ile ifuliwe mwisho wa juma tu, Mama Povu aliitikia, na alimaanisha. Ila siku iliyofuata aliona doa la wino kwenye kola. Akafua doa, na alipokuwa amekwisha kulowesha kola akaona aibu kuiacha sketi.

"Haidhuru, Mama," mkamwana alisema tena, safari hii bila kuinua macho.

Kisha kukatokea jambo la sketi ya mwalimu. Mwalimu huyo alikuwa mteja mkubwa, na ndiye aliyewaleta wenzake wote kwa fundi. Alileta sketi ya kitambaa kizito kisichotaka maji, ipanuliwe kiunoni. Fundi akaipima, akaichora mistari ya chaki na kuiweka juu ya kiti, akaenda kumchukua mtoto shuleni. Mama Povu akapita, akaiona ile mistari myeupe. Dobi wa miaka mingi anajua madoa ya damu, ya dawa na ya mafuta, lakini alama za fundi cherehani hakuwahi kuzijua. Aliona uchafu. Fundi aliporudi, aliikuta sketi kambani imenywea, labda ingemfaa binti wa mwalimu. Mwalimu hakugomba. Alichukua kitambaa chake akaondoka, na wenzake nao wakakata mguu.

"Haidhuru," mkamwana alisema, na neno "Mama" halikufuata.

Mama Povu aliyapokea maneno hayo kama yalivyosemwa. Haidhuru ni haidhuru. Alimsifu mkamwana wake kwa majirani kuwa ni mtoto asiye na kinyongo, na kwa kweli alimpenda. Hakujua kuwa yapo maneno ambayo mtu huyatamka huku akilitazama buyu lake na kuona limebaki na kiasi gani.

Mke wa seremala alifiwa na mama yake mzazi mwaka uliotangulia. Ndugu walipogawana vitu vya marehemu, yeye hakutaka kitu ila sweta moja la kijivu, ambalo mama yake alilivaa hadi siku zake za mwisho. Alilitia ndani ya mfuko wa nailoni, akaufunga fundo na kuuficha chini kabisa ya sanduku. Siku ambazo dunia ilimwelemea, alifungua ule mfuko, akatia uso ndani, akavuta pumzi, halafu akaufunga upesi kama mtu anayeogopa mvuke usitoroke. Mumewe alijua. Mama mkwe hakuambiwa, kwa kuwa ni vigumu kumwambia mwenye beseni kwamba unatunza nguo chafu.

Siku moja mkamwana alikwenda sokoni kununua nyuzi na zipu. Mama Povu, ambaye moyo wake ulikuwa bado unamsuta kwa ile sketi, aliamua kumfanyia jambo la kumfurahisha. Akafagia chumba, akatoa sanduku kulipangusa, akaukuta mfuko. Alipofungua fundo, harufu ilimpiga: moshi wa kuni, mafuta ya kujipaka, jasho kavu la mtu mzima. Akamhurumia. Alidhani binti wa watu ameficha vazi lake chafu kwa kuogopa kuchekwa. Basi akalifua sweta lile kwa ufundi wake wote. Alichanganya maji ya vuguvugu, akalikamua taratibu bila kulisokota, akalisuuza mpaka maji yakawa meupe, akaliweka kivulini lisipauke. Katika maisha yake yote ya udobi hakuwahi kufua kitu kwa mapenzi kama siku ile.

Mkamwana aliingia uani na kapu lake, akalitua chini pole pole. Akaenda kwenye kamba, akalishika sweta likiwa bado linadondoka maji, akatia uso ndani. Alikaa hivyo muda mrefu, maji yakimlowesha kifua. Mama Povu alisimama pembeni akitabasamu, akingoja shukrani.

"Lilikuwa la mama yangu," mkamwana alisema mwishowe.

"Basi mwanangu, tazama lilivyotakata."

"Nilikuwa nalinusa, Mama. Alikuwa bado yumo."

Tabasamu likamkauka mzee yule. Alitaka kusema jambo, akasema la kwanza lililokuja. "Sikujua. Ungeniambia."

Mkamwana alilibeba sweta bichi ndani, akafunga mlango. Safari hii hakusema haidhuru.

Haukupita mwezi, seremala akaketi mbele ya mama yake, akikuna kichwa. Alisema wamepata vyumba karibu na karakana yake, na wangehama Jumamosi.

"Sisi sote?" Mama Povu aliuliza, ingawa sauti ya mwanawe ilikuwa imekwisha kumjibu.

"Sisi watatu, Mama. Tutakuja kukuona. Hutapungukiwa na kitu."

"Kwa ajili ya sweta?"

Mkamwana alikuwa amesimama mlangoni. Akaingia, akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake. "Si sweta, Mama. Kwa sweta peke yake ningelia, halafu ningenyamaza. Ni kila asubuhi. Kila ulipozishusha nguo zangu kambani, nilitoa subira kidogo nikakupa. Sasa nikijipekua ndani sioni kitu. Nakuheshimu, na ninataka niondoke nikiwa bado nakuheshimu."

Ndipo Mama Povu alipofungua kinywa na kulitoa lile alilolifungia miaka yote. Alisimulia gauni la kazi, alivyompakata mtoto wake, na kaburi dogo. Seremala, ambaye hakuwahi kuambiwa, alishika kichwa. Mkamwana akamkumbatia mzee na kulia naye, machozi ya kweli.

"Kwa nini hukuniambia siku ile tulipokuwa tunaanua, Mama? Siku ile nilikuwa na subira ya kutosha."

Lakini Jumamosi walihama. Hawakugombana, na hilo liliuma zaidi, kwa kuwa aliyegombana hurudi kupatana. Mkokoteni ukabeba kitanda, sanduku na cherehani, mjukuu akampungia bibi mkono hadi kona ikamficha.

Mama Povu akarudi ndani kufagia. Chini ya mahali palipokuwa na kitanda cha mtoto aliokota soksi moja ndogo, imepinda kwa umbo la mguu uliokuwamo jana. Akatoka nayo uani, akilini akiwaza mtoto atavaa nini leo miguu isipate baridi, na mikono yake, iliyojua njia bila kuuliza, ikaitumbukiza kwenye maji ya povu. Ndipo aliposhtuka. Akaichomoa, akaipeleka puani akivuta pumzi kwa nguvu, mara ya kwanza, na ya pili, akimtafuta mjukuu wake humo. Soksi ilinuka sabuni tu.

Aliketi kando ya bomba akalia kwa sauti, na majirani wakatoka kumtuliza. Hakuna siku hata moja aliyowaibia wanawe furaha yao. Alikuwa amechukua tone tu, kila siku tone. Chovya chovya humaliza buyu la asali.