Maji ya Ndiva na Mbegu ya Nakijwa

Wajukuu zangu, kitendawili. Nimelala mlangoni kwako tangu ulipozaliwa, na mjini nimefika kabla yako. Haya, mkishindwa nipeni mji. Ni njia. Kila mtu anayo mlangoni, lakini haijapata kumwambia mtu aende wapi.

Nimeanza na hicho kwa sababu mmeniuliza yale maneno ya baba yenu, mlipokuwa mkibishana mwenzenu Nambua asome nini akimaliza kidato cha sita: Maji ni ya kijiji, mbegu ni ya mwenye shamba. Mnadhani kayatunga yeye. Methali hii ilianza hivi, huku kwetu milimani Upare, na mimi nilikuwapo.

Mnajua kwetu maji hayafunguliwi ovyo. Yanakusanywa usiku katika ndiva, lile bwawa la mawe na udongo tuliloachiwa na babu zetu, na asubuhi yanatoka kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Ndiva ikibomoka, pembe inapulizwa na kila nyumba inatoa mtu wa kazi. Ndio msaragambo. Na kwa msaragambo huohuo kijiji kilimsomesha Nakijwa. Baba yake alikuwa amefariki, mama yake hawezi kuinama kwa maumivu ya kiuno, basi kila msimu watu walilima shamba la mama yule kabla ya kugusa yao, ili binti asiitwe nyumbani kushika jembe.

Wa kwanza kufika shambani humo siku zote alikuwa Baba Elia. Huyu mkewe alishikwa na uchungu wa kuzaa wakati wa masika. Zahanati iko chini bondeni, na daktari hakuna. Wanaume wakambeba kwa machela, njia inateleza, na kabla hawajafika barabarani mama wa watu akanyamaza. Wakarudi naye juu. Tangu hapo Baba Elia akimwona Nakijwa ndani ya sare ya shule humwita Daktari, na kijiji kizima kikafuata. Hata watoto walimsimamisha njiani, Daktari, nitoe mwiba. Naye anautoa.

Akamaliza kidato cha sita, akafaulu vizuri sayansi. Pale shuleni alikuwapo Mwalimu Haule, mtu wa Songea, aliyewasaidia wanafunzi kuomba vyuo. Hakuwa mtu wa kuwachagulia. Alimkalisha kila mmoja akamwuliza: asubuhi ambayo hakuna aliyekutuma, miguu yako inakupeleka wapi? Mmoja alisema gereji, mwingine dukani kwa mjomba. Mmoja akasema haimpeleki popote, analala, na mwalimu akamjibu kwamba kozi hiyo bado haijafunguliwa. Nakijwa aliomba muda wa kufikiri. Siku ya kutuma maombi alikaa mbele ya kompyuta ya shule, mikono mapajani, mpaka wenzake wakamaliza. Kisha akainuka akarudi nyumbani. Alikuwa hajatuma hata chaguo moja, na siku ya mwisho ya maombi ilikuwa kesho yake.

Kulipokucha mwalimu akapanda mlima na viatu vyake vya mjini. Alitukuta ndivani tunapitishiana mawe, Nakijwa yumo kwenye tope hadi magotini. Akatuamkia, akaeleza kilichomleta: binti asipotuma leo, mwaka umempita. Baba Elia akamwambia kwa upole kwamba amejichosha bure, aandike udaktari chaguo la kwanza mpaka la mwisho, yaishe.

"Nimekuja kumsikiliza yeye, mzee wangu," mwalimu akasema.

"Huyo hana neno jingine. Muulize yeyote hapa huyu binti anaitwa nani."

"Jina mlilompa nimelisikia. Swali langu hajanijibu."

Nakijwa akainamia tope. Mama yake alikuwa amekaa pembeni anamenya ndizi za wafanyakazi. Akaweka kisu chini.

"Baba Elia, mmenilimia, na nisiposhukuru mvua isininyeshee. Lakini nikuulize. Mwaka ule ulipong'oa mahindi ukapanda tangawizi, tukakucheka tukasema huyu watoto wake watatafuna nini. Zamu yako ya maji ilikatwa?"

"Haikukatwa."

"Na ile mbegu, nani alikuchagulia?"

Baba Elia akaokota jiwe akampa aliyemfuata, akaokota jingine, nasi tukapokea. Nakijwa akasimama.

"Mwalimu, miguu yangu inanileta hapa," akasema. "Naufuata mfereji mpaka shamba la mwisho, natazama maji yanapopotelea. Yanayozama njiani ni mengi kuliko yanayofika. Nataka nikasomee kuyafikisha." Kisha akamgeukia Baba Elia. "Mama Elia ndiye aliyenifundisha kusuka nywele. Siku ile mimi ndiye niliyebeba kanga zake nyuma ya machela. Nikitaka kuandika udaktari, mkono unakataa. Nikitaka kuandika maji, nakuona wewe, unakataa tena. Ndiyo maana nilirudi nyumbani."

Mwalimu alisema tu kwamba alama zake zinamruhusu kote kuwili, chuo cha udaktari na chuo cha kilimo, kwenye umwagiliaji. Hakumsukuma upande wowote.

Sisi tulimtazama Baba Elia. Tulijua anaombwa aachie nini. Mke hatarudi, hilo alikuwa amelikubali. Lakini alikuwa amejiwekea nadhiri kwamba mwanamke mwingine wa huku juu hatakufa njiani, na tumaini hilo lote alilipanda kwa mtoto mmoja. Asingemruhusu, Nakijwa angemtii. Mnajua tunavyolelewa.

Akanawa mikono kwenye mfereji, taratibu, kidole kwa kidole. Kwa Nakijwa hakuangalia. Alimtazama mama yake, akalijibu lile aliloulizwa.

"Hakuna aliyenichagulia," akasema. "Mpeleke binti yako akaandike, mama Nakijwa. Maji ni ya kijiji, mbegu ni ya mwenye shamba."