Jaa Lililokataa Kupoa

Pu!

Mmesikia? Basi fungeni midomo, fungueni masikio, kisa kipite. Zamani, zamani ile ambayo zamani yenyewe ilikuwa bado inatambaa, mlio huo ulisikika usiku katika kijiji cha Kitopeni, kule milimani. Pu! Kisha kimya. Na kila aliyeamka alijua umetoka wapi. Umetoka jaani.

Jaa la Kitopeni, watoto, halikuwa la kuchezea. Maganda ya ndizi huko, majivu huko, makapi huko, mifupa huko. Na asubuhi za baridi lilifuka moshi bila moto. Watu wakasema, "Kifo kinapumua." Wakawa wanatupa taka kwa mbali na kukimbia.

Palikuwa na msichana aliyeitwa Majaani. Kaka zake walikufa wachanga, huyu akimfuata huyu. Kwa hiyo alipozaliwa yeye, bibi yake, Bibi Kidawa, alifuata desturi: alimlaza juu ya jaa, na jirani yao Chausiku akajifanya kumwokota, akamrudisha nyumbani kama takataka. Kifo hakina haja na takataka. Jina lake halisi bibi alimnong'oneza sikioni, hata mama yake mzazi asilisikie.

"Jina hilo nitalitaja jaa likipoa," bibi alisema. "Maadamu lina joto, kifo kimo humo kinapekua."

Mvua zikaja, mvua zikaenda, jaa halikupoa. Na Kitopeni mbegu ziligawiwa kwa jina. Mzee Mkumbulu, mgawa mbegu, husimama mbele ya watu, huita jina, na mwenye jina hukinga mikono. Majaani akienda, mzee humwambia, "Mjukuu wangu, hilo ni jina la kufukuzia kifo. Nikiliita, mbegu nazo zitakimbia." Hana jina, hana mbegu; hana mbegu, hana shamba. Na Bibi Kidawa alikuwa ameanza kusahau. Jana alisahau chumvi, leo amesahau njia ya kisimani. Kesho je? Majaani hakuuliza kwa sauti.

Asubuhi baada ya mlio ule, yeye ndiye aliyekwenda kutazama. Akakuta nini? Boga! Boga kubwa, limekatika kikonyo, limeporomoka kutoka juu ya jaa. Hakuna aliyelipanda. Akalitazama boga, akalitazama jaa. "Kumbe kifo nacho hulima?"

Basi akaazimia kulipoza jaa mwenyewe. Akateka maji, mtungi juu ya mtungi, akalimwagia. Likapoa? Likanuka! Nzi wa vijiji vyote wakaja kama walioalikwa arusi.

"We Majaani!" Chausiku alipiga kelele, kashika pua. "Mimi nilikuokota jaani, leo unataka kutuhamishia jaa puani?"

"Shangazi, nalipoza."

"Unalipoza? Unalipika!"

Neno lile likamkaa moyoni. Kinachopikwa hugeuzwa. Akachonga uma wa mti, akageuza, ya chini juu, ya juu chini. Palipolowa akatia mabua na majani makavu ya migomba. Palipokauka akatia maganda na magugu mabichi, akanyunyiza maji, si kumwaga. Mifupa na mafuta akaviondoa, maana vitu hivyo huita fisi usiku. Akafunika kwa majani ya migomba. Alipotia mkono baadaye, jaa lilikuwa la moto kuliko kwanza!

"Anakichokoza kifo huyo," watu walisema, wakicheka kwa mbali, kwa sababu karibu waliogopa.

Majaani akaketi, mikono imemwiva. Kuacha ni kubaki Majaani. Akainuka. Geuza, funika, ngoja. Semeni nami! Geuza, funika, ngoja. Kila alipoligeuza liliwaka upya, lakini kila joto lilikuwa dogo kuliko lililotangulia, na jaa likawa linashuka: lililomfika kifuani likamfika kiunoni, lililomfika kiunoni likamfika magotini. Bua halikujulikana tena kuwa bua, wala ganda kuwa ganda. Vyote vikawa vyeusi, vyepesi, vikinukia kama ardhi iliyoguswa na mvua ya kwanza. Hiyo ndiyo mboji, watoto. Akageuza tena, na joto halikuja.

Siku ya kugawa mbegu alimshika bibi yake mkono, akampeleka mbele ya watu wote hadi jaani. Bibi Kidawa akazamisha mkono hadi kiwiko.

"Bibi, lina joto?"

"Lina ubaridi wa mtungi."

"Na kifo?"

"Hakimo." Akachota, akanusa. "Labda hakikuwamo. Ulikuwa udongo unaiva."

"Basi nitajie, bibi."

Bibi akafungua kinywa. Akakifunga. Macho yakamzunguka kama ya mtu aliyepotea njia ya kisimani.

"Amesahau!" Chausiku akanong'ona, na safari hii hakuna aliyecheka.

Ngojeni, watoto, msinivute nguo. Funzo kwanza: ulichokiita taka, kigeuze kabla hujakikimbia, na joto la kazi usilidhani ni kifo. Kisa changu nimekigeuza, nimekifunika, kimepoa. Kila mtu achote, akamwage kwake. Limebaki jina tu.

Bibi Kidawa alinusa tena ule udongo mkononi, akafumba macho, akatabasamu.

"Kinga mikono upewe mbegu zako," alisema, "Tunu."