Jambazi Lazima Auze Kitu

Bi Msiwa, mtengeneza filamu asiye na hata kamera, alimwendea Mzee Shekiondo, tajiri wa saruji, akamwomba aigharimie filamu yake ya ujambazi.

"Pesa yangu niwape majambazi?" Mzee akacheka. "Mimi napata nini humo?"

"Hapana neno, baba. Nilikuja kukuarifu tu. Haji Mbwego wa ng'ambo ya barabara yuko tayari kuigharimia, ila jambazi mkuu auze saruji, awe na kitambi na kofia kama hiyo yako."

"Mbwego? Yule muuza mabati? Shika hizi! Jambazi auze mabati!"

Bi Msiwa akatia pesa mkobani, akavuka barabara, akabisha hodi kwa Haji Mbwego, ambaye hakuwahi kuonana naye.

"Shikamoo, Haji. Samahani, jirani yako kaigharimia filamu yangu ya ujambazi, na anataka jambazi mkuu auze mabati."